Chuma cha Ufipa na Nguvu Mpya ya Kwanta: Amana Tutakayoulizwa



Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, karibu na milima ya Mbizi, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Wenyeji hueleza ya kwamba jina la mji huo maana yake ni "tupa uchawi", yaani mgeni aingiaye auache uchawi wake nje. Watu wa mbali wameligeuza jina hilo kuwa dhihaka, wakadhani ya kwamba Sumbawanga ndiko uchawi unakokaa; kumbe jina lenyewe ni amri ya kuuacha.

Katika mji huo nilikaa siku moja barazani kwa kijana mmoja aliyekuwa akiuliza habari za dini. Tulipokuwa tukizungumza, mama yake mzee alitoka ndani na karatasi mkononi, akaniambia: "Shehe, wewe wajua kusoma, nisomee hii." Ilikuwa karatasi iliyopigwa chapa, yenye orodha ndefu ya viungo vya mwili: ini, figo, moyo, mifupa, hata ubongo, na mbele ya kila kiungo namba, na neno "hafifu" au "mbaya". Akaeleza ya kwamba alipewa kijiti cha chuma akakishika kwa dakika moja, na "mashine ya kwanta" ikamsoma mwili mzima. Kisha akauziwa makopo ya dawa. Fedha alizolipa zilikuwa bei ya magunia mawili ya mahindi.

Nikamwuliza: "Mama, na hospitali walikuambiaje?" Akajibu ya kwamba hospitali walimpima shinikizo la damu, wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Lakini tangu alipopata makopo yale ameviacha vidonge, kwani, alisema, "kile cha hospitali ni kipimo cha zamani, mwanangu, hiki ni cha kwanta."

Jioni mwanawe alinisindikiza. Njiani akaniuliza: "Shehe, hiyo kwanta ni uongo mtupu, au ni elimu ya kweli? Na kama ni elimu ya kweli, je, Mwislamu aiendee au aikimbie?"

Swali hilo ni zuri, na jibu lake halitoshi kutolewa njiani. Kwa hiyo nimeona yafaa niliandike hapa, kwa manufaa ya kijana yule na ya kila msomaji atafutaye njia iliyonyooka.

KWANTA NI NINI?

Yatupasa kwanza kuijua elimu yenyewe, kwani Kurani Tukufu yatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na yatukumbusha ya kuwa sikio, jicho na moyo vitaulizwa vyote (17:37, hapa na mahali pengine Bismillahi imehesabiwa kuwa aya ya kwanza).

Mwaka 1900 mwanachuoni wa Kijerumani, Max Planck, alionyesha ya kwamba nguvu ya mwanga haitolewi kama maji yatiririkayo bila kukatika, bali hutolewa kwa vipande vidogo vidogo, kama punje za ulezi zimwagikazo kutoka kikapuni. Kipande kimoja cha namna hiyo ndicho kiitwacho kwanta. Mwaka 1925 Werner Heisenberg, naye Mjerumani, alianza kuweka kanuni za hesabu za elimu hiyo, na wengine wakaziendeleza. Kutokana nayo zilipatikana transista zilizomo ndani ya redio na simu, mwanga wa leza, na mashine nyingi za hospitali. Basi mtu atumiaye simu ya mkononi huko Laela, Matai au Namanyere anakula matunda ya elimu ya kwanta, ajue asijue.

Siku hizi wataalamu wamepiga hatua nyingine: wanajaribu kuzitawala chembe hizo moja moja. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa swichi ndogo ndogo ambazo kila moja ama imewashwa ama imezimwa. Kompyuta ya kwanta hutumia vitu vidogo mno ambavyo, kabla havijapimwa, huweza kuwa katika mchanganyiko wa hali zote mbili. Na vikiunganishwa vingi pamoja, hesabu za namna fulani, wala si hesabu zote, huweza kufanywa kwa upesi wa ajabu. Mashine hizo bado ni chache, bado hukosea mara nyingi, na kazi kubwa zinazotumainiwa hazijafanyika. Walakini mataifa makubwa na makampuni tajiri yanashindana kuziendeleza. Umoja wa Mataifa, kwa pendekezo lililopelekwa na nchi ya Ghana, uliutangaza mwaka 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi na teknolojia ya kwanta.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: kwanta ni elimu ya kweli, nayo si uchawi. Ni desturi ya Mwenyezi Mungu aliyoiweka katika viumbe Vyake tangu mwanzo, na wanadamu wamekuja kuitambua baadaye. Wala tusiende mbali, kama wafanyavyo wengine, tukadai ya kwamba kompyuta hizo zilitajwa katika Kitabu Kitukufu. Kitabu cha Mungu hakihitaji kusaidiwa na madai yasiyo na msingi; na mwongofu mpya ajengaye imani yake juu ya madai ya namna hiyo huona imani yake ikitikisika siku madai yanapoanguka.

CHUMA CHA WAZEE WA UFIPA

Sasa twende kwenye swali la pili: tuiendee au tuikimbie? Kwa jambo hili Wafipa wanao mfano karibu nao kuliko watu wengi.

Zamani, kabla ya majembe ya kigeni kujaa madukani, wazee wa Ufipa walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma. Walijenga kwa udongo tanuri ndefu zilizoitwa malungu, zenye kimo cha kadiri ya mita 3. Hewa iliingia yenyewe kwa mirija ya udongo iliyowekwa chini, pasipo mivukuto. Chuma kilichopatikana humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo iliyoitwa kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Magofu ya malungu bado yaonekana katika nchi hiyo.

Chuma kile kilifanya nini? Kilifanya jembe lililofukia majani chini ya udongo na kuinua matuta ya mviringo ya ntumba, ambayo yameilisha Ufipa miaka mingi. Lakini chuma hufanya mkuki vilevile. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliingia Ufipa kwa nguvu ya mikuki, na Zwangendaba mwenyewe alifia huko. Jembe na mkuki vyote viwili vilitoka motoni. Kilichovitofautisha ni moyo na mkono wa aliyevishika.

Wazee wale walilijua jambo hili kwa kadiri ya nuru waliyokuwa nayo. Kazi ya tanuri haikufanywa ovyo: waliifanya mbali na vijiji, na muda wa kazi mafundi walijitenga na wake zao. Walikuwa pia na dawa na makafara ambayo sisi hatuyafuati, kwani msaada huombwa kwa Mwenyezi Mungu peke Yake. Lakini tusidharau jambo moja waliloliona sawasawa, nalo ni kwamba mtu aishikaye nguvu kubwa yampasa ajizuie nafsi yake.

Jambo hilo limeelezwa kwa ukamilifu katika Kurani Tukufu. Sura ya 57 yaitwa Al-Hadid, yaani Chuma. Humo Mwenyezi Mungu ataja pamoja mambo matatu: kuletwa kwa Mitume wenye Kitabu, kuletwa kwa mizani ili watu wasimame katika uadilifu, na kuletwa kwa chuma, ambacho ndani yake mna ukali mkubwa na mna manufaa kwa watu (57:26). Tafakari, ndugu msomaji, mpango huo. Chuma hakikutajwa peke yake. Kimetajwa baada ya Kitabu na mizani. Mwenye chuma asiye na mizani ni hatari kwa jirani zake wote.

Kadhalika tunasoma ya kwamba Nabii Daudi a.s. alilainishiwa chuma, akaamriwa kutengeneza deraya na kupima vema pete zake, na papo hapo akaamriwa yeye na watu wake kutenda mema, kwani Mungu ayaona wayatendayo (34:11-12). Fundi aliambiwa apime pete za deraya, na akaambiwa apime matendo yake pia. Hata wasomaji wetu Wakristo, ambao ni wengi katika Ufipa, wanajua ya kwamba Nabii Isaya a.s. alitabiri siku ambayo watu watafua panga zao ziwe majembe (Isaya 2:4). Isaya hakutabiri kwamba chuma kitatupwa. Alitabiri kwamba kitageuzwa kazi.

Basi jibu la swali la pili ni hili: Mwislamu haikimbii elimu. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundishwa dua ya kuomba kuzidishiwa elimu (20:115), na hakuna mpaka uliowekwa wa kusema "ombeni hii, msiombe ile". Walakini aiendee akiwa na mizani mkononi. Nami naona mizani hiyo, katika jambo la kwanta, ina hesabu tatu ambazo kila mhusika ataulizwa.

HESABU YA KWANZA: UKWELI

Aliyemwuzia mama yule makopo hakutengeneza kompyuta yoyote. Aliiba jina tu. Lakini kwa jina hilo alichukua mahindi ya mwaka mzima, na baya zaidi, alimwachisha mgonjwa dawa yake. Shinikizo la damu huua kimya kimya. Mtu huweza kulala mzima akaamka amepooza.

Ipo mashine ya hospitali iitwayo MRI, ambayo kweli hufanya kazi kwa kanuni za kwanta. Huchunguza chembe za haidrojeni zilizomo ndani ya mwili kwa nguvu za sumaku na mawimbi ya redio. Ni mashine kubwa yenye uzito wa tani kadhaa, huwekwa katika chumba chake maalumu, na picha zake husomwa na daktari aliyesomea kazi hiyo miaka mingi. Linganisha na kijiti kinachoshikwa kwa dakika moja kisha kikadai kusoma ini, moyo na ubongo kwa pamoja! Mtu wa Sumbawanga apaswa kuwa wa kwanza kuitambua hila hii. Zamani mpiga ramli alitikisa kibuyu. Leo ametikisa neno geni. Ikiwa jina la mji lasema "tupa uchawi", basi na uchawi uliovaa koti jeupe utupwe pia.

Wala hesabu hii si ya wauza makopo peke yao. Kampuni itangazayo ya kwamba mashine yake itafanya kazi ambayo haijaiweza, ili tu ipate fedha za wenye mali, imeingia katika mlango uleule. Mtume Mtukufu s.a.w. alipowakuta wauzao nafaka ambayo juu ilikuwa kavu na chini mbichi, aliwakemea, akaonya ya kwamba adanganyaye si wake. Basi mwanachuoni aonyeshe nafaka yake juu na chini: aeleze iliyowezekana, na aeleze pia isiyowezekana bado.

HESABU YA PILI: SIRI YA JIRANI

Mwaka 1994 mwanahesabu wa Marekani, Peter Shor, alionyesha kwa karatasi na kalamu ya kwamba kompyuta ya kwanta, ikipata kuwa kubwa na imara vya kutosha, itaweza kuvunja kufuli nyingi za hesabu ambazo ulimwengu huzitegemea kulinda siri. Barua, hesabu za benki, taarifa za wagonjwa na mambo ya serikali hupita katika mtandao yakiwa yamefungwa kwa kufuli hizo. Kompyuta ya ukubwa huo haijatengenezwa. Lakini mwizi mwenye subira aweza kuiba leo maneno yaliyofungwa, akayaweka ghalani, akingoja siku atakapopata ufunguo. Kwa hiyo hatari ya kesho imeanza kuwa jambo la leo.

Huenda msomaji akasema: "Mimi ni mkulima wa maharage; nina siri gani?" Ndugu yangu, unayo. Jina la ugonjwa ulioandikiwa hospitali ni siri yako. Deni lako ni siri yako. Maneno uliyomwandikia mke wako ukiwa safarini ni siri yenu wawili. Uislamu umeilinda heshima hii ya mwanadamu kwa nguvu kubwa: Sura Al-Hujurat yakataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana (49:13), na Sura An-Nur yakataza kuingia nyumba ya mtu pasipo ruhusa na salamu (24:28). Aliyekatazwa kuingia mlangoni kwa mguu, je, amehalalishiwa kuingia kwa hesabu?

Kwa hiyo wenye elimu hii wana wajibu wa Daudi a.s., yaani kutengeneza deraya kabla upanga haujanolewa. Twashukuru kwamba kazi hiyo imeanza. Mwezi wa Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa kanuni za kwanza za kufuli mpya, zilizotungwa ili zistahimili hata kompyuta za kwanta. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini deraya iliyo ghalani haimkingi mtu. Benki, hospitali na ofisi zihifadhizo habari za watu zitaulizwa kama zilibadilisha kufuli zao mapema, au zilingoja mpaka mwizi aingie. Mwenyezi Mungu ameamuru amana zirudishwe kwa wenyewe (4:59), na siri ni amana.

HESABU YA TATU: FUNGU LA WOTE

Hapa jambo lawafikia watu wa Rukwa kwa namna ambayo wengi hawaitambui.

Aina mojawapo kuu ya kompyuta za kwanta hufanya kazi katika baridi kali kupita baridi yoyote ya duniani, karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sifuri. Ili kuifikia baridi hiyo hutumika gesi iitwayo heliamu, gesi ileile inayopoza sumaku za mashine za MRI. Gesi hii ilitambuliwa kwanza katika mwanga wa jua, mwaka 1868. Katika ardhi hutokana na kuoza kwa madini ya urani na thori ndani ya miamba, polepole, kwa mamilioni ya miaka. Ikiachwa itoroke, hupanda juu na mwishowe huiacha dunia isirudi tena.

Mwezi wa Juni 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni moja ya utafutaji, walitangaza ya kwamba chini ya Bonde la Rukwa mna heliamu nyingi. Sehemu moja tu ya bonde ilikadiriwa kuwa na futi za ujazo bilioni 54. Mwaka 2024 kisima kilichochimbwa kusini mwa bonde hilo kilileta heliamu juu ya ardhi. Basi mtu asimamaye ukingoni mwa uwanda wa Ufipa, akatazama chini upande wa Ziwa Rukwa, anatazama bonde lenye kitu ambacho maabara za mbali zinakihitaji.

Je, watu wa bonde hilo watapata nini, na wataambiwa nini? Tusiulize kwa chuki, bali tuulize kwa mizani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Katanga, palikuwa na mgodi uitwao Shinkolobwe. Urani iliyochimbwa huko ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki, na mabomu hayo yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki, Agosti 6 na 9, 1945. Wafanyakazi wa Shinkolobwe hawakuambiwa jasho lao lilikuwa likienda kufanya nini. Heliamu si urani. Lakini kanuni ni moja: mtu ambaye ardhi yake yatoa kitu ana haki ya kujua kitu hicho chaenda wapi, kwa kazi gani, na kwa fungu gani.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2017 imetamka ya kwamba utajiri wa asili ni mali ya wananchi, na sheria ya madini yaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi ya kampuni kubwa. Hayo ni mema. Yabaki kutimizwa kwa uaminifu, fedha hizo zionekane katika maji safi, zahanati na madawati ya shule, na gesi yenyewe isipotezwe ovyo, kwani watoto wa watoto wetu wana haki nayo vilevile.

Na kuna fungu lililo bora kuliko fedha, nalo ni elimu. Profesa Abdus Salam, Mwislamu wa Ahmadiyya aliyezaliwa mwaka 1926 katika Bara Hindi, alishirikiana na Sheldon Glashow na Steven Weinberg kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979, kwa kazi iliyojengwa juu ya elimu hii ya kwanta. Lakini miaka 15 kabla ya tuzo hiyo, mwaka 1964, alikuwa amekwisha kuanzisha kituo mjini Trieste, Italia, ili wanafizikia wa nchi maskini wasikatiwe njia ya elimu. Kituo hicho kilipewa jina lake baada ya kufariki kwake mwaka 1996. Mwaka 2018 tawi la kazi hiyo lilifunguliwa Kigali, Rwanda, kwa ajili ya Afrika Mashariki. Alifahamu ya kwamba elimu ikifungiwa nyumbani kwa tajiri hugeuka kuwa mkuki, hata ikiwa mwenyewe hakukusudia.

Na manufaa yenyewe yaweza kuwa makubwa. Mkulima wa Ufipa ajua ya kwamba shamba lililopandwa maharage hupata rutuba. Sababu yake ni vijidudu vikaavyo katika mizizi, ambavyo huikamata naitrojeni ya hewani kwa kimeng'enya chenye chuma ndani yake, pasipo kiwanda wala moto. Viwanda vya mbolea huifanya kazi hiyo kwa joto na gharama kubwa. Wataalamu watumaini ya kwamba siku moja kompyuta za kwanta zitasaidia kuifahamu vema siri ya vijidudu hivyo. Ikiwa tumaini hilo litatimia, je, mbolea nafuu itafika Laela? Au itaishia mlangoni kwa wenye hati za umiliki? Jibu halimo ndani ya mashine. Limo ndani ya watu, na katika sheria watakazoziweka mapema.

"LAKINI SISI TUNA KAZI GANI?"

Huenda mwenzangu akasema: "Mambo haya ni ya wakubwa na wataalamu, mimi wa Sumbawanga nitafanya nini?" Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha ya kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kila mchungaji ataulizwa juu ya kundi lake. Hakuwatoa wadogo. Basi haya ndiyo yaliyo katika uwezo wetu:

Kwanza, usinunue kitu kwa jina lake. Mtu akikuambia "hiki ni cha kwanta", mwulize: chafanyaje kazi? Nani amekithibitisha? Daktari wa serikali akijua? Mkweli hachukii kuulizwa. Wala usiache dawa ya hospitali kabla ya kusema na aliyekupa.

Pili, mpeleke mtoto wako shule, wa kiume na wa kike, naye asome hesabu na sayansi. Mwenye kuijua elimu hawezi kutishwa nayo wala kudanganywa kwa jina lake. Mkutano ule uamuao juu ya chuma kipya unahitaji watu wenye Kitabu na mizani waketi ndani yake, si wasimame nje wakilalamika.

Tatu, wakija wachimbaji au maofisa kuzungumza na kijiji, nenda mkutanoni. Uliza kwa adabu na usikilize jibu. Kunyamaza kisha kunung'unika nyumbani si subira. Ni kuiacha amana ipotee.

Nne, anza kwa siri iliyo mkononi mwako leo. Ukishika simu ya mwenzako usisome yasiyokuhusu. Kama wewe ni karani, mwuguzi au wakala wa fedha, usitoe habari za watu kwa maneno ya barazani. Mtu asiyeweza kutunza siri ya jirani mmoja atadai kwa ulimi gani ya kwamba mataifa yatunze siri za ulimwengu?

Ndugu msomaji, wewe unayetafuta dini ya kweli, au uliyeingia karibuni, pengine ulidhani ya kwamba dini ni sala na saumu tu, na kwamba mambo ya mashine yana bwana mwingine. Sivyo. Mungu aliyeumba nyota ndiye aliyeumba chembe isiyoonekana, na hakuna jani liangukalo asilolijua (6:60). Akimpa mwanadamu ufunguo wa chumba kipya katika nyumba Yake, hampi ili akaibe humo. Siku ya hesabu fundi hataulizwa tu alitengeneza nini. Ataulizwa alimtengenezea nani, na alimnyima nani.

Asubuhi yake nilirudi kwa mama yule. Nilimweleza kwa upole ya kwamba karatasi ile haikumsoma mwili, ilimsoma mfuko. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi magunia yangu yamekwenda, mwanangu." Nikamwambia: "Magunia yamekwenda, mama, lakini wewe ungali upo." Mwanawe alimpeleka hospitali siku ileile, akapimwa, akaanza tena vidonge vyake. Kijana naye aliniambia ya kwamba anataka kuendelea na masomo ya fizikia. Nikamwombea, nikamwambia azidi kusoma, na kila afunguapo kitabu amkumbuke mama yake na karatasi ile.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atuepushe na elimu isiyo na mizani, na atujalie kuirudisha kila amana kwa mwenyewe kabla hatujaulizwa. Amin.